Makasia yaliyorudi mtoni baada ya vita

MSOMAJI, ikiwa umewahi kusimama ufuoni Lamu ukitazama mashindano ya madau, au kando ya Ziwa Victoria ukiwatazama wavuvi wakishindana kwa mitumbwi, basi siku utakapofika Cambridge, Uingereza, hutaona ugeni mkubwa. Utakuta maji, utakuta vyombo, na utakuta vijana wakitokwa na jasho huku wenzao wakiwapigia kelele kutoka ukingoni.

Isitoshe, utakuta ng'ombe. Naam, ng'ombe! Katika mji huo wa wasomi kuna uwanja wa nyasi uitwao Midsummer Common ambapo mifugo hulishwa tangu jadi. Ng'ombe wekundu hula nyasi upande mmoja wa mto, na upande wa pili zimepangana nyumba za kuwekea mashua za wanafunzi. Mimi niliyekulia kijijini nikichunga, nilijihisi niko nyumbani kabla hata sijavuka daraja.

Kufika huko si kazi. Ukiwa London, panda garimoshi katika stesheni ya King's Cross. Cambridge iko kiasi cha kilomita 80 kaskazini, na ukipata garimoshi la moja kwa moja utafika kwa chini ya saa moja. Kutoka stesheni tembea kwa miguu ukipenda, maana mji ni tambarare kama meza na kila mtu yuko juu ya baiskeli.

Usitarajie mto mkubwa. Mto Cam ukiuweka kando ya Tana utaucheka. Upande wa juu, nyuma ya majumba ya kale ya vyuo, watalii husukumwa polepole katika vyombo vya bapa kwa pondo, jinsi mabaharia wa Pwani wanavyosukuma mashua penye maji haba. Lakini ukishapita lango la maji la Jesus Lock, utani huisha. Hapo ndipo penye wapiga makasia.

Sikwenda huko kutafuta picha za kuwaonyesha jirani. Nilikwenda na swali lililonikaa moyoni tangu mwaka wa 2008, na nitakueleza.

Wavu uliobaki stoo

Mwaka huo nilikuwa mwanafunzi katika chuo kimoja cha mji wa Bonde la Ufa. Tulikuwa na timu ya voliboli, si timu ya kutisha, lakini ilikuwa yetu. Tulikuwa wachezaji kumi na wawili wa makabila sita. Mimi nilikuwa katibu, na kazi yangu hasa ilikuwa kutunza mpira, wavu na daftari la majina.

Kisha zikaja ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya Wakenya 1,100 waliuawa na maelfu kwa maelfu wakafukuzwa makwao. Chuo kilifungwa. Kilipofunguliwa, baadhi ya wenzetu hawakurudi kamwe, na sisi tuliorudi tulikuwa tukisalimiana kwa macho ya chini. Hakuna aliyesema timu imevunjwa. Ilikufa tu, kimyakimya, kama taa inayoishiwa na mafuta.

Ule wavu ulibaki stoo. Nilipomaliza masomo nilikabidhi ufunguo, na panya walikuwa wameshajipatia sehemu yao. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: chama kikishavunjwa na vita, huinuliwaje tena? Nani huitisha mkutano wa kwanza? Na watu huketije pamoja ilhali viti vya wengine ni vitupu?

Basi niliposoma kwamba kuna chama cha wanafunzi kilichosimamishwa na vita viwili vya dunia, na mara zote mbili kikarudi majini, nilisema lazima nikaone mahali penyewe.

Mbao za majina

Chama hicho ni Cambridge University Boat Club, kilichoanzishwa mwaka wa 1828. Mwaka uliofuata, yaani 1829, kilishindana kwa mara ya kwanza na wenzao wa Oxford katika mji wa Henley, na Oxford wakashinda. Huo ndio mwanzo wa shindano maarufu linalovuta watu wengi kwenye kingo za mto Thames jijini London kila mwaka.

Nyumba yao ya kale kando ya Cam inaitwa Goldie Boathouse, nayo ilijengwa mwaka wa 1882. Ndani yake kuna mbao zilizoandikwa majina ya kila kikosi kilichowahi kushindana na Oxford: wapiga makasia wanane, na wa tisa ambaye ni mshika usukani. Ukiyafuata majina hayo mwaka baada ya mwaka, utafika 1912, 1913, 1914. Kisha unaofuata ni 1920.

Hapo ndipo nilipotua macho. Kati ya 1914 na 1920 hakuna kitu. Mchoraji wa herufi hakuacha hata nafasi ya upana wa kidole. Lakini msomaji, katika ufa huo usioonekana kimepita kizazi kizima.

Kikosi cha Cambridge cha 1914 kilikuwa kizuri. Mwezi Machi mwaka huo kiliwaacha Oxford nyuma kwa urefu wa mashua nne na nusu. Miezi minne tu baadaye, Agosti 4, Uingereza ikaingia vitani. Vijana wale wenye mabega mapana walikuwa miongoni mwa wa kwanza kujiandikisha.

Kenneth Garnett, aliyekuwa katika mashua hiyo ya 1914, alijeruhiwa vitani na akafariki mwaka wa 1917. Henry Goldsmith, aliyevuta kasia kwa niaba ya Cambridge mwaka wa 1906 na 1907 na kupata medali ya shaba katika Olimpiki ya 1908, aliuawa Ufaransa mwezi Mei 1915.

Upande wa mahasimu wao Oxford, mambo yalikuwa yale yale. Gilchrist Maclagan, mshika usukani mdogo wa umbo aliyepata medali ya dhahabu mwaka wa 1908, aliuawa karibu na Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Frederick Septimus Kelly, aliyekuwa katika mashua hiyo hiyo ya dhahabu na ambaye pia alikuwa mpiga piano na mtunzi wa muziki, aliuawa Novemba 1916 katika mapigano ya Somme. Duncan Mackinnon naye akaangukia Ubelgiji mwaka wa 1917.

Kwa jumla, zaidi ya watu 2,000 wa Chuo Kikuu cha Cambridge walikufa katika vita hivyo. Chuo kilichokuwa na wanafunzi zaidi ya 3,000 kabla ya vita kilibakiwa na mia chache tu. Viwanja vya kriketi vilijengwa wodi za majeruhi, na vyumba vya wanafunzi vikalaza makuruta wa jeshi. Mtoni kulikuwa kimya.

Kuanza bila kitu

Sasa fikiria mwenyewe. Vita vimekwisha Novemba 1918. Vijana wanarudi mmoja mmoja. Huyu ana risasi pajani, yule mapafu yamechomwa na gesi, mwingine anashtuka mlango ukibamizwa. Pamoja nao wanakuja watoto waliotoka shule juzi, ambao hawajawahi kusikia bunduki. Hao ndio waketi katika mashua moja!

Na mashua yenyewe si kitu cha kubahatisha. Mashua ya watu wanane ina urefu wa kiasi cha mita 18, lakini upana wake haufiki hata mita moja. Siku hizo ilitengenezwa kwa ubao mwembamba wa mwerezi. Sisi tunajua jahazi likiachwa juu kwa muda mrefu, mbao hukauka na kuachana, na fundi lazima akalafati upya kabla ya kulirudisha majini. Basi chombo chembamba kama ganda la yai hakiwezi kuachwa miaka minne kisha ukakipanda kama baiskeli.

Halafu kuna ufundi wa kuvuta. Watu wanane wakichovya makasia kwa nyakati tofauti, hata kwa nusu sekunde, mashua huyumba na kupoteza mwendo. Ufundi huo haupatikani vitabuni. Hufunzwa na aliyetangulia: mwanafunzi wa mwaka wa tatu humfunza wa mwaka wa kwanza. Cambridge ya 1919 haikuwa na mwaka wa tatu. Wale ambao wangekuwa walimu walikuwa wamelala Ufaransa, Ubelgiji na Gallipoli.

Walifanyaje? Ukiyatazama matukio ya mwaka huo utaona mambo matatu.

Kwanza, wazee waliingia kazini. Mmoja wao alikuwa Steve Fairbairn, mzaliwa wa Australia aliyekuwa amevuta kasia kwa niaba ya Cambridge katika miaka ya 1880. Mwaka wa 1919 alikuwa na miaka 57. Alikuwa akikifunza chuo chake cha Jesus, na mtindo wake wa kusukuma kwa nguvu za miguu badala ya kuwa mkakamavu wa mgongo ulizua ubishi mkali miongoni mwa wajuzi. Mzee huyo ndiye aliyeanzisha mwaka wa 1926 mashindano ya Head of the River katika Thames, ambayo yangali yakifanywa. Kweli, penye wazee haliharibiki neno.

Pili, walianza na lililo karibu. Hawakukimbilia London mara moja. Mwaka wa 1919 hakukuwa na shindano la Oxford na Cambridge, lakini mwezi Juni mwaka huo vyuo vya Cambridge vilirudia michezo yao ya nyumbani hapo hapo kwenye Cam. Nitakueleza punde jinsi inavyochezwa.

Tatu, hawakungoja wapate watu wale wale wa zamani. Mapema mwaka wa 1919 Jeshi la Majini liliwaleta Cambridge maafisa vijana ambao masomo yao yalikatizwa na vita. Walikuwa wageni mjini, lakini waliokuwapo ndio waliofaa.

Julai 1919 kukafanywa mashindano ya amani huko Henley. Wanajeshi wa mataifa washirika, waliokuwa wakingojea meli za kuwarudisha kwao, walileta vikosi vyao. Oxford na Cambridge nao wakaingia. Katika fainali ya Kombe la Mfalme, wanajeshi wa Australia waliwashinda Oxford. Kombe hilo limo Australia hadi leo na hushindaniwa na majimbo ya nchi hiyo.

Hatimaye, Machi 27, 1920, Cambridge na Oxford walikutana tena katika Thames. Cambridge walishinda kwa urefu wa mashua nne. Lakini nadhani siku ile mshindi hakuwa jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa kwamba mashua mbili ziliteremshwa majini na zote zikafika mwisho.

Kugongana mtoni

Nilikuahidi nikueleze mchezo wa nyumbani. Unaitwa Bumps, yaani kugongana, na nilibahatika kuuona, kwa sababu ule wa Mei hufanywa mwezi Juni. Usiniulize kwa nini. Waingereza wana yao.

Mto Cam ni mwembamba, mashua mbili za mashindano haziwezi kwenda sambamba kwa usalama. Kwa hiyo hupangwa moja nyuma ya nyingine, zikiachana kwa urefu wa mashua moja na nusu. Mzinga hulia, na kila mashua humkimbiza aliye mbele yake huku ikimkimbia aliye nyuma. Ukimgusa wa mbele, umeshinda, na kesho yake mnabadilishana nafasi. Mchezo huendelea kwa siku nne.

Nenda kasimame katika kijiji cha Fen Ditton, pale mto unapokata kona. Hutozwi senti. Utaona familia zimeketi kwenye nyasi na vikapu vya chakula, watoto wanakimbia, na makocha wanaendesha baiskeli ukingoni wakipaza sauti hadi mishipa ya shingo inasimama. Mashua ikikaribia kugongwa, umati wote husimama, na hata wewe usiyemjua yeyote utajikuta unapiga kelele.

Kitu kimoja kilinigusa. Wapiga makasia huenda kinyumenyume. Wote wanane wametazama walikotoka. Hakuna anayeona aendako. Anayeona mbele ni mmoja tu, yule mdogo aliyeshika usukani, naye hapigi kasia. Wanane wanamwamini kwa sauti yake tu. Nikawaza juu ya wale wa 1919, na nikawaza juu yetu sisi wa 2008. Sisi hatukukosa nguvu za kuvuta, tulikosa wa kuketi nyuma na kutuambia njia ni nyeupe.

Vita vya pili

Ungedhani mara moja ingetosha. Mwaka wa 1939 vita vikazuka tena, na shindano rasmi la Oxford na Cambridge likasimama hadi 1946.

Safari hii, hata hivyo, walikuwa wamejifunza. Hawakuuacha moto uzimike wote. Wanafunzi wachache waliobaki, wakiwemo wa udaktari na sayansi, waliendelea kukutana na wenzao wa Oxford katika mashindano yasiyo rasmi. Walishindana Henley mwaka wa 1940, Sandford karibu na Oxford mwaka wa 1943, Ely mwaka wa 1944, na Henley tena 1945. Kila upande ulishinda mara mbili. Hakuna aliyepewa ile heshima ya “bluu” ambayo mpiga makasia hupata kwa kushindana na Oxford, na matokeo hayahesabiwi hadi leo. Lakini kasia lilikuwa majini.

Wanawake nao hawakuketi. Mwaka wa 1941, vita vikiwa vimepamba moto, wanafunzi wa kike wa Cambridge waliunda chama chao cha makasia. Hapo wanawake walikuwa bado hawaruhusiwi kupewa digrii kamili na chuo hicho. Haki hiyo waliipata mwaka wa 1948. Tangu 2015 wanawake hushindana na Oxford siku moja na wanaume, katika njia ile ile ya Thames.

Shindano rasmi liliporudi Machi 1946, Oxford walishinda. Maisha yalikuwa magumu. Chakula kilikuwa cha mgao, na mwezi Julai mwaka huo hata mkate, ambao haukuwekewa mgao wakati wote wa vita, uliwekewa. Majira ya baridi ya 1947 yalikuwa makali mno, na theluji ilipoyeyuka mwezi Machi sehemu kubwa ya nchi tambarare kaskazini ya Cambridge ilifurika. Mwezi huo huo wa Machi Cambridge waliwashinda Oxford kwa urefu wa mashua kumi! Mwaka wa 1948 wakashinda tena, kwa dakika 17 na sekunde 50, kasi ambayo haikuwa imewahi kuonekana katika shindano hilo.

Na hapa, msomaji, hadithi inagusa kwetu. Katika kikosi hicho cha 1948 alikuwamo kijana aliyeitwa Michael Lapage, aliyezaliwa 1923. Miezi michache baadaye alikuwa katika mashua ya Uingereza iliyopata medali ya fedha katika Olimpiki ya London, nyuma ya Wamarekani. Kisha alikuja Kenya kama mmishonari na kufanya kazi hapa kwa miaka mingi. Alifariki mwaka wa 2018. Huenda babu yako alisomeshwa na mtu aliyewahi kuvuta kasia mbele ya Mfalme wa Uingereza na asijue.

Olimpiki hiyo hiyo ilikuwa na Jack Wilson na Ran Laurie, nao wa Cambridge. Walikuwa wamefanya kazi ya serikali ya kikoloni huko Sudan kwa takriban miaka kumi. Walikuja likizo, wakaketi wawili katika mashua moja baada ya miaka yote hiyo, na wakanyakua dhahabu. Ng'ombe hasahau zizi.

Majina yasiyoandikwa

Nikiwa pale mbele ya mbao za majina, sikuweza kujizuia kufikiria mbao ambazo hazipo.

Vita vile vya 1914 vilifika kwetu pia. Vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika walichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya majeshi, na mtaa wa Kariokor jijini Nairobi umebeba jina la kikosi chao hadi leo. Makumi ya maelfu walikufa kwa homa, kuhara na njaa. Kuna sanamu za askari na mchukuzi katika Kenyatta Avenue, lakini majina yao hayapo. Mwaka wa 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa.

Sisemi haya kuwaonea kijicho wale vijana wa Cambridge. Damu ni damu. Nasema kwa sababu niliona jinsi jina moja kwenye ubao linavyofanya kazi. Kijana wa leo akiingia mle ndani anajua anaketi mahali pa nani. Ukiandika jina la aliyeondoka, unampa anayekuja sababu ya kuketi.

Ely, mara ya pili

Kabla ya kurudi London, panda garimoshi dogo uende Ely, umbali wa kama kilomita 25. Kuna kanisa kubwa la kale linaloonekana kutoka mbali, kama meli iliyotia nanga katika nchi tambarare. Chini yake unapita mto Great Ouse, mpana na ulionyooka. Hapa ndipo Cambridge hufanyia mazoezi makali.

Hapa ndipo pia waliposhindana mwaka wa 1944. Mwaka wa 2020 ugonjwa wa Covid ulipoenea, shindano la Oxford na Cambridge lilifutwa kwa mara ya kwanza tangu Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka uliofuata, Thames ikiwa haifai, walifanyaje? Walikumbuka Ely. Aprili 2021 mashua ziliteremshwa hapo, bila watazamaji ukingoni, na Cambridge wakashinda kwa wanaume na kwa wanawake. Akiba haiozi. Jambo dogo lililofanywa na wanafunzi wachache wakati wa vita liliwapa wajukuu zao njia ya kupita miaka 77 baadaye.

Ukitaka kuona shindano lenyewe la London, nenda mwishoni mwa Machi au mapema Aprili. Njia ni kilomita 6.8 kutoka Putney hadi Mortlake, na huanza maji yanapojaa kutoka baharini, ili mkondo uwasukume. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa hilo. Fika mapema, vaa koti zito, na usimame karibu na daraja la Hammersmith. Kutazama ni bure.

Na usidhani mchezo huu ni wa Wazungu pekee. Katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu ya Tokyo mwaka wa 2021, Kenya iliwakilishwa katika makasia na Asiya Sururu wa Mombasa, aliyepoteza miguu yote miwili katika ajali ya garimoshi akiwa mtoto mdogo. Ikiwa yeye aliweza kuanza, sisi wenye miguu tuna udhuru gani?

Niliporudi Nairobi nilitafuta lile daftari la majina. Nililipata chini ya sanduku, karatasi zimegeuka rangi. Wachezaji kumi na wawili. Wawili najua wamefariki, mmoja wao katika siku zile zile za Januari 2008. Nimewapata watatu kwa simu. Mmoja sasa ni mwalimu, na shule yake haina timu.

Wa pili alinyamaza kwa muda mrefu nilipomtajia jina langu, kisha akaniuliza kama ule wavu bado upo. Nilimwambia waliula panya. Akacheka, akasema nyavu huuzwa.

Tumekubaliana kukutana Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Hatujui kama tutacheza. Wengine tuna vitambi na mmoja ana goti bovu. Lakini majina yote kumi na mawili yatasomwa, ya waliopo na ya wasiokuwapo. Na wewe msomaji, kama una daftari la namna hiyo chini ya sanduku lako, iwe ni la timu, la kwaya au la chama cha akina mama, lipanguse vumbi. Mkutano wa kwanza hauitishwi na mtu mkubwa. Huitishwa na aliyebakiwa na ufunguo.